Shuka Mbili za Ihramu

Nilizinunua Matrah, shuka mbili nyeupe,
dukani kwa Mbaluchi asiyepunguza bei.
"Hizi ni za ihramu," nikamwambia, "si za kuogea."
"Pamba ni pamba, mzee. Nia ndiyo yako."
Nikacheka, nikalipa, nikatoka nimeishika
safari yote mkononi, imekunjwa mara nne.

Miaka kumi na moja nilijaza fomu,
miaka kumi na moja kura ikanipita.
Mwaka huu jina likatoka, langu na la Zuwena.
Tukachomwa sindano, tukaomba radhi majirani,
hata Khalfani, tuliyegombea zamu ya falaji
tangu mitende yangu haijafika gotini.
Aliyeniuliza lini, nilimjibu, "Jumanne, inshallah,"
nikilitamka neno kama mtu anayepiga muhuri.

Jumatatu usiku tukatoka Ibra.
Ghaniya aling'ang'ania kutusindikiza,
mimba yake ya miezi saba.
Kiti cha nyuma, begi; ndani ya begi, shuka.
Mvua ilikuwa mbali, mlimani, umeme usio na sauti.
Sisi huku chini tulikuwa na vumbi.

Anayeijua wadi hahitaji kuelezwa.
Hainyeshewi; huletewa.
Kwanza harufu ya udongo, halafu mawe yakinguruma,
kisha barabara ya mbele haipo.
Nikageuza gari. Na ya nyuma haipo.
Tukabaki juu ya kipande cha lami
na hapo Ghaniya akamshika mamake mkono,
akasema neno moja: "Sasa."

Sitasimulia yote. Mengine ni ya wanawake.
Mimi nilikuwa nje, taa zikimulika maji,
naisoma Yasini, naikosea, naianza upya,
na katikati ya aya, sifichi, nikalalamika:
"Mola wangu, nilikuwa nakuja kwako.
Nyumba niliyokuwa naiendea ni yako.
Mbona umenifungia njia?"
Maji yakaendelea kubeba mitende ya watu.

Zuwena akaita, Kiarabu chote kimemtoka,
kwa Kiswahili cha mamake wa Tabora:
"Nguo! Nguo safi, upesi!"
Nikafungua begi. Kanzu zilikuwa na mishono,
zilikuwa na vifungo. Mkono ukazipita.
Shuka moja ikampokea mtoto,
ya pili ikafuta damu.
Nguo niliyoinunua inizoeze kufa
ikawa na kazi nyingine kabla yangu.

Akalia kidogo, kama mlango unaodai mafuta.

Saa nne asubuhi ndege yetu ikapaa.
Sisi tulikuwa hospitali, tumesimama mbele ya kioo,
tukihesabu pumzi za kiumbe asiyejaza kiganja.
Wakamwita Muzna: wingu lililobeba maji.

Watu wananiambia, kila jambo na heri yake.
Naam. Lakini siku ya Arafa nililia jikoni,
nikavisingizia vitunguu visivyo na kosa.

Miaka thelathini niliendesha gari la maji.
Abiria mbaya namjua: ni yule
anayeshika usukani kwa mdomo,
kata hapa, punguza, simama pale.
Na mimi ndivyo nilivyokuwa nikimwomba Mungu.

Zuwena alizifua shuka mara tatu.
Doa likabaki, dogo, rangi ya chai.
"Nunua nyingine," akasema. Nikakataa.
Zimo kabatini na kipande cha udi.
Sijui kama kura itanikumbuka tena;
magoti nayo yana hesabu zake.
Ijumaa Muzna huletwa, hulala mkekani kwetu
ngumi zimekunjwa, hadai chochote, ananyonywesha, analala.

Nikiulizwa lini, bado nasema inshallah.
Ila siku hizi nalitua taratibu,
kama kikombe kilichojaa.